Manati Shingoni: Kitu cha Kuchezea au Silaha?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tulikishika utotoni, tukakisahau tulipokuwa watu wazima, na leo tukikiona kwa mtoto tunakemea kabla ya kufikiri. Nazungumzia vile vidude ambavyo watoto huvivaa mwilini kwa ajili ya kurushia vitu: kombeo la kidoleni, manati ya shingoni, na kile kifyatulio cha eropleni ya kuchezea ambacho hufungwa kwenye kifundo cha mkono.

Barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni hupita katika nchi ya mkonge, mahindi na vichaka. Mvulana anayechunga mbuzi kando ya barabara ile aghalabu utamkuta na manati imening'inia shingoni, panda yake kifuani, mipira miwili ikizunguka shingo kama mkufu. Mfukoni mna vijiwe vilivyochaguliwa kwa uangalifu, vya mviringo, vinavyolingana ukubwa. Mzazi anayempita huona utundu. Mwalimu huona adui wa vioo vya madirisha. Mwenye shamba huona mlinzi. Daktari wa macho huona mgonjwa wa kesho. Wote wanne wanatazama kitu kimoja, na kila mmoja ameshika sehemu ya ukweli.

Basi tufanyeje? Tuzikusanye manati zote tuzichome moto? Au tuseme watoto ni watoto, waache wacheze? Kabla ya kujibu, inafaa tujue vidude hivi hufanyaje kazi. Maana mtu akielewa nguvu inatoka wapi, hujua pia hatari inaanzia wapi, na manufaa yanaanzia wapi.

Tuanze na kombeo, ambalo wengine huliita teo. Hili ndilo kongwe kuliko yote. Ni kamba mbili zilizounganishwa katikati na kipande kipana cha kusukwa au cha ngozi, mahali pa kulaza jiwe. Ncha ya kamba moja ina kitanzi, nacho huvishwa kidoleni. Ncha ya kamba ya pili haina kitanzi, hubanwa tu kati ya kidole gumba na cha shahada. Mrushaji huzungusha, kisha huachia ile ncha isiyo na kitanzi, na jiwe hutoka. Kombeo lenyewe hubaki limevaliwa kidoleni, tayari kwa jiwe la pili. Wakristo wakimtaja Goliathi na Waislamu wakimtaja Jaluti, wote wanazungumzia habari ya Daudi, kijana mchungaji aliyemshinda jitu.

Siri ya kombeo ni urefu. Tuseme mkono wa mtoto ni sentimita 50 kutoka begani hadi kiganjani. Akitupa jiwe kwa mkono mtupu, jiwe linasafiri katika duara la sentimita 50. Akivaa kombeo la sentimita 70, jiwe sasa liko sentimita 120 kutoka begani. Mkono ukizunguka kwa kasi ile ile, jiwe litakwenda kasi zaidi ya mara mbili, yaani mara 2.4. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: madhara ya kitu kinachorushwa hayakui sawa na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nishati ya kitu kile huzidi mara nne. Kasi ikizidi mara 2.4, nishati huzidi karibu mara sita. Kamba mbili za katani zimempa mtoto wa miaka kumi mkono wa mtu mzima.

Katika nchi ya Korogwe, kamba hiyo haikosekani. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, kwa miche iliyotoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutoka hiyo yakazaliwa mashamba yaliyojaza bonde la Mto Pangani na pande zote za Tanga. Mtoto wa kijiji kilicho jirani na shamba hujifunza mapema kuliparua jani kwa ubao, akaliosha ili utomvu usimwashe, akatoa nyuzi, akasokota kamba. Kombeo lake halimgharimu hata senti.

Na wala kombeo si la mchezo peke yake. Wakulima wetu wana neno lao, kuamia, yaani kulinda shamba lisiliwe na ndege na wanyama. Mpunga na mtama unapokaribia kuiva, hujengwa dungu shambani, na aghalabu anayepandishwa huko juu ni mtoto. Adui wake mkubwa ni kwelea-kwelea. Ndege huyu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku anakula nafaka ya gramu 10 hivi. Ukimwona peke yake utamhurumia. Lakini huja kwa makundi makubwa. Kundi la ndege milioni moja, kila mmoja akila gramu 10, limekula tani 10 kwa siku moja. Mkulima wa mpunga wa umwagiliaji kule Mombo, au mkulima wa mtama Handeni, hana ndege ya kunyunyizia dawa. Ana mtoto, ana debe la kupiga, na ana kombeo. Kwenye mahindi yaliyo karibu na vichaka, adui ni nyani na ngedere, na dawa ni ile ile.

Hapa ndipo penye swali la kwanza linalotuhusu sisi watu wa mijini tunaokula wali na ugali bila ya kuuliza nani aliulinda. Ndege huamka alfajiri, na hula sana asubuhi na jioni. Shule nayo hufunguliwa asubuhi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya kuandikishwa na kuhudhuria shule ya msingi kuwa jambo la lazima. Lakini kwelea-kwelea hakuisoma sheria hiyo. Mtoto anayekaa dunguni kutwa, kombeo kidoleni, anaokoa chakula cha nyumbani na anapoteza masomo kwa wakati mmoja. Tukimwona na kombeo lake tusiseme anacheza. Pengine yuko kazini, na kazi hiyo ilipasa ifanywe na mtu mzima.

Sasa tuje kwenye manati. Watu wengi hudhani manati ni ya kale kama kombeo. Sivyo. Manati ni mtoto wa kiwanda. Panda ya mpera ni ya kwetu, ngozi ya kushikia jiwe hukatwa katika kiatu kikuukuu, lakini roho ya manati ni mpira, na mpira unaovutika na kurudi bila ya kuharibika ni kitu kipya duniani. Utomvu mtupu wa mti wa mpira hunata wakati wa joto na hukakamaa wakati wa baridi. Ni mwaka 1844 ndipo Mmarekani Charles Goodyear alipopata hataza ya njia ya kuupika mpira pamoja na salfa ili uwe imara. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akapata hataza ya tairi la upepo. Baiskeli zilipofika vijijini mwetu, tyubu zilizochakaa zilifika pia, na fundi wa baiskeli chini ya mwembe akawa, bila ya kujua, muuzaji mkuu wa zana kwa wavulana.

Wavulana wenyewe ni wakaguzi hodari wa mali hiyo. Muulize mmoja, atakwambia mpira mwekundu ni bora kuliko mweusi. Yeye hakusoma kemia, lakini amesema kweli. Tyubu nyingi nyeusi za siku hizi hutengenezwa kwa mpira wa viwandani uitwao butili, ambao sifa yake ni kushika upepo usitoke. Kwa baiskeli ni mzuri. Kwa manati ni mzito, ukiuvuta hurudi kwa uvivu, kwa kuwa sehemu ya nguvu uliyoitia hupotea ndani yake kama joto. Mpira wa asili hurudisha karibu yote. Mvulana huyu amepima kwa vidole vyake kile ambacho mhandisi hupima kwa mitambo.

Mpira ni benki ya nguvu. Mkono wa mtoto hauwezi kusukuma jiwe kwa ghafla sana, lakini unaweza kuvuta mpira taratibu, kidogo kidogo, ukiweka akiba. Akiachia, akiba yote hutoka mara moja. Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni ambayo wanafunzi wa sekondari huijua kwa jina lake: kitu kinachonyumbuka, kama springi, huvutika kwa kadiri ya nguvu iliyokivuta. Ukitia nguvu mara mbili, kinavutika mara mbili. Mpira hauifuati kanuni hiyo sawasawa kama springi ya chuma, lakini unaikaribia vya kutosha kwa mazungumzo yetu. Matokeo yake ni kwamba ukivuta mara mbili ya urefu wa mwanzo, akiba unayoiweka si mara mbili, ni karibu mara nne. Kwa hiyo mtoto anayevuta manati hadi kifuani na mwenziwe anayevuta hadi nyuma ya sikio hawachezi mchezo mmoja, ingawa wameshika kidude cha aina moja.

Cha tatu ni eropleni ya kuchezea. Lugha yetu imewapa jina moja yule mwenye manyoya na hii yenye injini, wote ni ndege, na pengine watoto ndio wanaoelewa vizuri zaidi kwa nini. Katika nchi ya mkonge kuna zawadi nyingine ambayo kiwanda cha katani hakiitaki. Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti mmoja wa maua, mrefu kuliko nyumba, kisha hufa. Mlingoti huo ukikauka huwa mwepesi sana na hukatika kwa kisu kidogo bila ya taabu. Ni mti unaofaa kwa vitu vya kuchezea kuliko mbao yoyote ya dukani. Ukichonga mwili wa eropleni katika mlingoti wa mkonge, ukatia mabawa ya karatasi ngumu ya boksi na uzito kidogo puani, una chombo kinachoelea hewani.

Kukirusha kwa mkono kunatosha kwa mwanzo. Lakini mtoto mwenye kipande cha tyubu hatosheki. Huko Ulaya na Marekani viwanda vya vitu vya kuchezea vimebuni vifyatulio vinavyovaliwa mkononi kama saa, na eropleni au kishale cha sponji hurushwa kutoka hapo. Kanuni yake ni nyepesi, na hakuna sababu isifanyike Korogwe. Ukanda mpana wa tyubu hufungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Katika ukanda huo husimamishwa kijiti kifupi, kigumu, kilichoshonewa barabara. Juu ya kijiti hutundikwa kitanzi cha mpira mwembamba. Chini ya pua ya eropleni huwekwa ndoana ndogo. Mtoto hunyoosha mkono wa kushoto mbele, hutia ndoana kwenye kitanzi, huvuta eropleni nyuma kwa mkono wa kulia, na huachia. Eropleni hupaa juu ya paa la darasa.

Asije mtu akasema huu ni upuuzi. Tarehe 18 Agosti 1871 kijana wa Kifaransa, Alphonse Pénaud, alirusha katika bustani ya Tuileries mjini Paris eropleni ndogo iliyoendeshwa na mpira uliosokotwa. Ilikaa hewani sekunde 11. Siku ya pili yake, huko Marekani, alizaliwa Orville Wright. Mwaka 1878 baba yao Orville na Wilbur aliwaletea nyumbani kidude cha kuchezea kilichopaa kwa mpira, kilichofuata mfano wa Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Kidude kilivunjika, wakajaribu kutengeneza vingine. Desemba 1903 ndugu hao wawili waliruka kwa eropleni yao yenye injini, na baadaye wenyewe walikitaja kile kidude cha utotoni kuwa ndicho kilichowatia hamu. Laiti mzazi wao angekitupa jikoni kwa kuwa kinapiga kelele, sijui historia ingeandikwaje.

Basi, ndugu wasikilizaji, tumeviona vidude vitatu. Vyote huvaliwa, vyote huupa mkono mdogo nguvu usiyokuwa nayo. Tofauti yake ni nini? Tufanye hesabu kidogo, msiogope.

Chukua kijiwe cha manati cha gramu 15, kinachotoka kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 108 kwa saa, mwendo ambao basi la abiria haliruhusiwi kuufikia katika barabara zetu. Nishati yake ni jouli 6.75. Sasa chukua eropleni ya mlingoti wa mkonge yenye gramu 5, inayotoka mkononi kwa mita 10 kwa sekunde. Nishati yake ni robo ya jouli. Gawanya: jiwe limebeba nishati mara 27 ya eropleni. Aidha, jiwe ni dogo na gumu, nguvu yake yote hutua mahali pamoja padogo. Eropleni ina mabawa, hewa huipunguza kasi, na ikigonga kitu hukunjika yenyewe. Mpira ni ule ule, mkono ni ule ule, mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni kile kilichowekwa kwenye mpira na kiasi cha kuvuta.

Hilo ndilo neno langu kuu la juma hili. Ukitaka kujua kama kidude ni cha kuchezea au ni silaha, uliza maswali matatu: kimeweka akiba ya nguvu kiasi gani, kinarusha nini, na kimeelekea wapi. Jina lake halitakwambia lolote.

Swali la tatu ni zito kuliko tunavyodhani, hasa kwa vidude vya kuvaa. Manati ya shingoni haina jiwe ndani yake. Mtoto lazima aishushe, atie jiwe, avute, na katika muda huo anaweza kujirudi. Lakini kifyatulio kilichofungwa mkononi kikiachwa kimevutwa, kinaelekea kokote mkono unakoelekea. Mkono ukigeuka kumsalimu rafiki, kifyatulio kimegeuka naye. Mkono ukipanda kufuta jasho, kimeelekea usoni mwa mwenyewe. Kwa hiyo kifyatulio cha kuvaa kisivutwe kamwe ila wakati ule ule wa kurusha, na kisitengenezwe kwa namna inayoweza kukaa kimevutwa peke yake.

Nimetaja uso, na hapa sauti yangu inabadilika, kwa sababu jicho halina mbadala. Jiwe la manati likimpata mtoto mguuni, atalia, atapona. Likimpata jichoni, damu inaweza kuvuja ndani ya jicho, konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele, inaweza kupasuka, na lenzi ya ndani ikahama au ikapata ukungu. Hata robo ya jouli ya eropleni si haba kama pua yake ni kali. Na kuna baadhi ya wavulana ambao huuchukua mwiba mweusi ulio kwenye ncha ya jani la mkonge na kuutia kwenye kishale chao. Mwiba ule hutoboa gunia. Jicho je?

Jambo likitokea, wazazi tufanye nini? Kwanza, jicho lisisuguliwe wala kubanwa. Pili, lisitiwe kitu: si maziwa ya mama, si maji ya majani, si dawa iliyobaki kwa jirani. Dawa hizo za nyumbani zimeingiza wadudu katika macho mengi ambayo yangeweza kupona. Tatu, kama kitu kimechoma na kimebaki ndani ya jicho, kisichomolewe. Kuchomoa ni kazi ya daktari. Nne, jicho lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kwa mfano kitako cha kikombe safi cha plastiki au karatasi, kifungwe taratibu. Tano, mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, si baada ya gulio, si baada ya mavuno. Walio Korogwe wana Hospitali ya Magunga, walio Handeni wana hospitali yao ya wilaya, na majeraha makubwa ya kanda ya kaskazini hupelekwa KCMC, Moshi, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Na mzazi asidanganyike kwamba jicho la pili linatosha. Mara chache, lakini hutokea, jicho lililotobolewa huliponza hata lile zima lililobaki, na ndiyo maana madaktari husisitiza liangaliwe mapema.

Msikilizaji wa mjini pengine anasema moyoni, haya ni mambo ya Handeni, mwanangu hana manati. Ngoja kwanza. Ikifika Idi au Krismasi, pita katika mitaa ya maduka uone kinachouzwa. Bastola za plastiki zinazofyatua vitone vigumu, pinde zenye mishale ya plastiki, vifyatulio vya kila rangi. Ndani ya bastola ile mna springi, na springi ni ile ile ya Hooke, akiba ile ile ya mpira wa tyubu, ila imefichwa ndani ya ganda linalong'aa. Mzazi anayempokonya mpwawe manati aliyotoka nayo kijijini, kisha akamnunulia mwanawe bastola ya vitone sikukuu, amebadilisha ganda tu.

Wenzetu wamelifikiria jambo hili kwa makini. Kanuni za usalama wa vitu vya kuchezea za Ulaya na za Marekani huweka kikomo cha nishati ya kitu kinachorushwa, na kitu hicho hakitakiwi kuwa na ncha kali. Zaidi ya hayo, huuliza swali moja la busara sana: je, mtoto anaweza kupachika kitu chake mwenyewe badala ya kile kilichouzwa? Maana watengenezaji walijifunza kwamba ukimpa mtoto kifyatulio cha kishale laini, kishale kikipotea siku ya pili, siku ya tatu atatia penseli, msumari au kijiwe. Kwa hiyo kifyatulio kizuri ni kile kinachokataa kila kitu isipokuwa kilichokusudiwa. Ndoana yetu ya eropleni ina sifa hiyo: jiwe halina ndoana, halikai kwenye kitanzi chembamba. Ngozi ya manati haichagui, hupokea kila kinachowekwa. Hapa Tanzania tunalo Shirika letu la Viwango, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lakini hakuna shirika linaloweza kusimama kwenye kila meza ya machinga usiku wa sikukuu. Mkaguzi wa mwisho ni mzazi mwenye fedha mkononi.

Nimalizie kwa ushauri, nami sitatoa mwingi.

Kwa mzazi: kabla ya kununua au kuruhusu, jirushie mwenyewe kidude hicho kwenye kiganja chako, kwa karibu. Kikikuuma wewe mtu mzima, hakifai kwa mtoto. Mfundishe sheria moja tu mpaka aijue kama jina lake: usivute mpira wakati kuna uso mbele yako. Na akitumwa shambani kuamia, umpe zamu inayompisha kwenda shule, nawe mtu mzima uchukue zamu ya asubuhi.

Kwa mwalimu: najua droo ya meza yako imejaa manati ulizozikamata. Zitoe siku moja ya somo la sayansi. Tundika kopo kwenye mpira, tia vijiwe vya uzito sawa kimoja baada ya kingine, na wanafunzi wapime kwa rula jinsi mpira unavyorefuka. Watachora mstari ubaoni, na kanuni ya mwaka 1678 itakuwa imegunduliwa tena Korogwe kwa tyubu ya baiskeli. Kisha wapeleke uwanjani na eropleni za mlingoti wa mkonge, wote wasimame nyuma ya mstari mmoja, wote warushe upande mmoja, na asiende mtu kuokota mpaka wote wamerusha. Atakayefika mbali zaidi na aeleze kwa nini. Mwanafunzi aliyekuwa mtundu kuliko wote ndiye atakayekuwa na majibu mengi.

Kwa nyinyi vijana mnaonisikiliza: mkono unaoweza kumpiga kwelea-kwelea akiruka ni mkono wenye akili. Usiutumie kumtoa mwenzio jicho. Maji yakimwagika hayazoleki, na jiwe likishaondoka kwenye ngozi halisikii ukiliita.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Walikuwa na maana yao, kwamba atakayekataa kusikia ataona. Lakini anayekatwa na wembe hujikata kidole chake mwenyewe, na kidole hupona. Anayerusha jiwe huumiza jicho la mwingine, na jicho halioti tena. Kwa hiyo methali ile naiomba ruhusa niirekebishe kidogo: mtoto akililia manati, kaa naye chini, mchongee eropleni, umfunge kifyatulio mkononi, umwonyeshe mbingu ilipo. Huko juu kuna nafasi ya kutosha, na hakuna jicho la mtu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.